Cheti cha Macho Makavu

Dispensari, Mbeya
Julai 11, 1955

Kwa Mzee Mrisho, mwenye duka, Iringa.

Habari za siku, Mzee. Mimi hunijui. Naitwa Asukile, mtu wa Tukuyu, ni dresa, msaidizi wa daktari, katika dispensari hapa Mbeya. Dada yako, Bibi Mwanakhamisi, ameniomba nikuandikie habari ya binti yako Rukia. Anasema akiandika yeye utadhani anatafuta sababu ya kukaa na mtoto zaidi, kwa hiyo anataka karatasi yenye muhuri.

Mzee, binti yako ana macho makavu. Si kidogo. Toka upepo wa baridi uanze hali imezidi kila wiki, na ile safari ya Chunya aliyokwenda na shangazi yake kuuza kanga ndiyo imemharibu kabisa. Sisemi kwa kusikia, nimemwona mwenyewe mara nyingi, na nitaendelea kumwona. Nimemfundisha kupepesa macho, maana alikuwa amesahau. Nimemwambia apepese hata mbele ya watu, asione aibu.

Dawa ni hii. Asubuhi na jioni afumbe macho, awekewe kitambaa kilichochovywa maji ya uvuguvugu. Asisugue. Asikae karibu na moshi wala jiko la makaa. Akitoka kwenye upepo ajifunike vizuri. Asitiwe asali wala maziwa, hata bibi wa jirani akisema inafaa. Akishona, apumzike. Na asisafiri kwenye vumbi la barabara mpaka mvua ya kwanza inyeshe, ndiyo maana hawezi kurudi huko kwa Idi kama mlivyopatana.

Usiwe na wasiwasi. Inapona.

Asukile, Dresa


Iringa
Julai 20, 1955

Dada yangu Mwanakhamisi,

Salamu zako utazipata siku nyingine. Leo sina.

Barua ya huyo dresa wako imefika. Unajua mimi nasoma herufi zetu za Kiarabu tu, hizi za kizungu naziona kama nyayo za kuku. Sasa nikampa nani anisomee? Mzee Muhidini, mkwe wetu mtarajiwa, baba yake Halfani mchumba wa Rukia, aliyekuwa amekaa barazani kwangu anangoja kahawa. Nilimpa kwa furaha, nikidhani ni habari ya siku Rukia atakayorudi. Akasoma kwa sauti, maana yeye kila kitu husoma kwa sauti, hata bei ya sabuni. Wateja walikuwepo. Mama Severina wa misheni alikuwepo, anapimiwa kitambaa cha marekani. Mzee Muhidini alipofika pale kwenye aibu akaikunja barua, akanirudishia mkononi, akaondoka. Kahawa hakuigusa.

Dada, nilikupa mtoto umfundishe kushona na kupika, na yale mambo ya kike ambayo marehemu mama yake angemfundisha. Nilikupa mtoto anayetazama chini. Maneno ya barua ile siwezi kuyaandika, kalamu inakataa. Wewe unayajua, kwa sababu kijana mwenyewe anasema ndiwe uliyemtuma. Mchana kutwa nakaa dukani najifanya nahesabu vifungo ili nisitazamane na mtu.

Nijibu jambo moja tu. Ni kweli au si kweli? Na yalianza lini?

Ndugu yako,
Mrisho


Mbeya
Julai 29, 1955

Mdogo wangu Mrisho,

Mimi salamu ninazo, nakuletea zangu pamoja na zile zako ulizoninyima. Kesho tunachinja, na Rukia anakuombea Idi njema.

Umenishangaza. Jambo dogo hivi linakutoa jasho kwenye baridi hii? Ni kweli, tena kweli tupu. Yalianza mwezi wa mfungo mosi, baada ya Ramadhani, kipupwe kilipoingia, nikadhani ya kupita. Chunya ndiko yalikomzidi. Nusu ya watu wa Chunya wanayo, na wanaume wa machimbo ya dhahabu ndio wabaya zaidi. Lakini mtoto unamlaumu nini? Kayarithi. Mama yetu alikuwa nayo, Mungu amrehemu, umesahau? Kila kipupwe. Baba alikuwa akimtania mbele ya wageni. Mimi nilikuwa nayo nilipokuwa mwari, na marehemu mume wangu aliyajua kabla hajanioa, na sikusikia amelalamika. Hata wewe, nikikumbuka vizuri, ulikuwa nayo mwaka ule ulipokuwa ukipeleka mizigo Kilosa.

Halfani kama anampenda atamchukua hivyohivyo alivyo.

Na huyo Asukile usimwonee. Ni kijana mpole. Anakuja hapa nyumbani kila Jumamosi kumtazama Rukia, hataki hata chai. Mimi nakaa pembeni nimeshika kitambaa.

Kula nyama, ulale, uache kuhesabu vifungo.

Dada yako,
Mwanakhamisi binti Shomari


Iringa
Agosti 8, 1955

Dada,

Barua yako nimeisoma nimefunga mlango. Umemtia na mama. Mama yetu, aliyekuwa akijitanda ushungi hata akitoka kuita kuku.

Sasa nitaliandika hilo neno, na Mungu anisamehe. Huyo dresa ameandika kwamba binti yangu ana macho makavu. Ameandika kwamba yeye ndiye aliyemfundisha kuyapepesa mbele ya watu bila aibu, na kwamba ataendelea kumwona. Watu wa huku bara sijui wanasemaje, lakini sisi ambao wazee wetu wametoka Bagamoyo tunajua mwanamke mwenye macho makavu ni wa namna gani. Hana haya. Hamwogopi baba wala mume. Anamtazama mwanamume mpaka mwanamume ndiye anayeinama. Na wewe unaniambia ni ya ukoo, na kwamba unakaa pembeni umeshika kitambaa.

Mzee Muhidini alikuja jana. Nilimwekea kiti, hakukaa. Amesema posa isimame kwanza. Nimesikia kwa watu kwamba ametuma mtu Kilosa kuulizia binti wa rafiki yake, na anataka jibu kabla ya Maulidi. Halfani hapiti tena dukani kwangu.

Mtoto huyu hana mama, Mwanakhamisi. Nilitaka nimwone ameolewa na mtu anayempenda, tena akae hapa mjini nami nimpelekee sukari ninapotaka. Sasa naona vyote viwili vinaniponyoka, na sijui nimshike nani.

Mrisho


Mbeya
Agosti 17, 1955

Mrisho, mdogo wangu Mrisho,

Nimecheka mpaka jirani akaja mbio akidhani nalia.

Makavu. Makavu kama mtungi uliosahauliwa juani. Hayana maji. Yanamwasha, yanakuwa mekundu, asubuhi yameshikana hayafunguki. Hayo ndiyo macho makavu ya Asukile. Kijana wa watu ni Mnyakyusa, Kiswahili amekisoma shule ya misheni, na kwao jicho likikosa maji ni jicho kavu, basi, hakuna zaidi. Nilipomweleza maana yetu alishika kichwa kwa mikono miwili. Alitaka kupanda basi aje Iringa akuombe radhi. Nikamwambia akija sasa utamfungulia mbwa.

Na mimi mjinga. Nilikwambia mama alikuwa nayo, kumbe wewe unamwona mama amesimama njiani anawatazama wanaume. Namwomba radhi marehemu. Naamini huko aliko anacheka kunishinda.

Kosa lenu ni moja. Barua hamkuimaliza. Muhidini alikunja pale kwenye aibu, na dawa yote iko chini yake. Ichukue umpe Mwalimu Liberatus wa shule ya misheni, akusomee mpaka kwenye muhuri. Kisha umpeleke kwa Muhidini asome tena.

Rukia nimemweleza yote. Alicheka na yeye, kidogo. Halafu akaniuliza, "Huko Kilosa, ni binti wa nani?" Nikamwambia sijui. Tangu hapo cherehani halijalia humu ndani.

Mwanakhamisi


Mbeya
Septemba 1, 1955

Kwa Halfani bin Muhidini,

Najua msichana hamwandikii mchumba wake, na mchumba aliyesimamishwa ndiyo kabisa. Ukitaka ichome, lakini isome mpaka mwisho kwanza, maana balaa lote hili limetokana na barua iliyokunjwa katikati.

Baba ameleta habari. Mwalimu Liberatus alisoma kila neno, akaenda na baba kwenu akasoma mara ya pili. Mzee Muhidini akasema juu wameandika tabia, chini wameandika maradhi, na mtu mmoja anaweza kuwa na vyote. Akasema pia kwamba mtu wake wa Kilosa amekwisha ondoka, hawezi kumrudisha njiani kwa ajili ya kitambaa na maji.

Basi nikueleze macho yangu. Nikiamka ni kama yana mchanga. Upepo ukivuma yanatiririka ovyo, lakini Asukile anasema hayo ni machozi ya bure, yanamwagika tu wala hayalainishi kitu. Kitambaa kinasaidia sana. Kupepesa pia. Nikishona natazama sindano mpaka nasahau kwamba nina kope, sasa nimejizoeza kila nikikata uzi napepesa. Simpepesei mtu, napepesea kanga.

La pili. Mwaka jana ulikuja dukani kwa baba kununua viberiti karibu kila siku, na wewe huvuti, na kwenu kuna jiko lisilozimika. Nilikuwa nikitazama chini kama nilivyofundishwa, lakini nilikuwa nakuona. Ninakupenda. Nataka kuolewa na wewe, na sitaki uoe Kilosa. Nimesema, na sasa baba yako aniite jina analotaka, litakuwa langu kwa haki.

Kama unanitaka, njoo Mbeya. Panda juu ya lori, usikae mbele na dereva. Kuanzia Nyololo, pale vumbi linapokuwa kama unga, usijifunike uso. Ukifika usije kwa shangazi kwanza. Nenda dispensari kwa Asukile umwambie akutazame.

Rukia binti Mrisho


Mbeya
Septemba 16, 1955

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, na mchele wa Kyela ulionituma nimeupata kwa bei nzuri. Mama mwambie sweta lake limenifaa.

Baba, kuna jambo lililonipata njiani ambalo si vema nikufiche. Mbele kwa dereva palikuwa pamejaa, nikakaa juu ya magunia. Nyololo lori liliharibika, tukakaa pale kutwa upepo unatupiga, na vumbi la kila gari lililopita tulilipokea sisi. Kufika Mbeya sikuweza kusoma hata kibao cha posta. Nikaenda dispensari. Yule dresa alinifunua kope, akatazama sana, akasema, "Bwana, na wewe una macho makavu." Nikamuuliza kama ana uhakika. Akasema ana uhakika, tena ni makavu kupita ya Rukia.

Nikamwomba aniandikie, na cheti chake nakitia ndani ya bahasha hii, kimepigwa muhuri. Mimi ni mtoto wako, si kazi yangu kukueleza maana ya maneno. Kama maneno hayo ni ya tabia, basi ni ya tabia yangu pia, na ni haki watu wa Kilosa waambiwe mapema wasije wakasema tumewauzia mbuzi kwenye gunia. Kama ni maradhi, nimekwisha pewa kitambaa.

Nakaa hapa wiki moja zaidi, maana nimekatazwa vumbi.

Mwanao mtiifu,
Halfani

(Cheti: Halfani Muhidini wa Iringa ana macho makavu sana. Amefundishwa kupepesa. Asukile, Dresa.)


Iringa
Septemba 26, 1955

Kwa Bwana Asukile, Dispensari, Mbeya.

Bwana,

Mimi ni Muhidini bin Sefu, baba yake Halfani. Nina desturi ya kusoma kwa sauti. Cheti chako nilikifungulia kwenye baraza ya msikiti baada ya sala ya alasiri, na kabla sijajua ninachosoma nilikuwa nimekwisha kisoma. Nilikuwa sijakikunja, Mrisho akaniuliza kwa upole mkubwa kama kahawa yangu iletwe au nitaondoka.

Mtoto wangu namjua. Hana tabia hiyo. Kwa hiyo nimekiri mbele ya watu kwamba ni maradhi, na kwa kuwa neno moja haliwezi kuwa maradhi kwa mvulana na tabia kwa msichana, nimekiri na la Rukia. Posa imerudi mahali pake. Mtu wangu wa Kilosa nimempelekea simu, nikamwambia aulizie bei ya tumbaku badala yake. Arusi itakuwa baada ya Maulidi, mvua zikianza, ili bibi arusi asafiri bila vumbi.

Sasa nina haja moja. Tangu kipupwe macho yangu yananichoma. Jioni herufi zinaogelea, na nikikaa karibu na jiko machozi yananishuka, mke wangu ananiuliza namlilia nani. Niandikie ni ugonjwa gani na dawa yake. Lakini nakuomba kama mtu mzima, tafuta neno jingine. Lile lisitokee.

Muhidini bin Sefu


Dispensari, Mbeya
Oktoba 6, 1955

Kwa Mzee Muhidini, Iringa.

Mzee wangu, shikamoo. Nimefurahi sana kwa habari ya arusi, maana toka mwezi wa nane nilikuwa sili vizuri.

Neno jingine nimelitafuta. Nimemuuliza Bibi Mwanakhamisi, nimemuuliza karani wa posta ambaye ni mtu wa Lindi, nimetazama kitabu. Halipatikani. Nasikitika, Mzee, ni hayohayo. Na ya kwako ni ya siku nyingi.

Dawa ni ileile, kitambaa cha maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, na kukaa mbali na moshi. Tena ukisoma, simama kila baada ya mistari michache, upepese. Ukitaka, soma kimyakimya, nadhani itasaidia.

Cheti nimekitia ndani. Nimekiandika kidogokidogo.

Asukile, Dresa


Iringa
Novemba 28, 1955

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umekasirika kwamba goti lako limekuzuia kuja, kwa hiyo nakuletea arusi yote humu, isipokuwa pilau.

Mvua ilinyesha siku mbili kabla. Barabara ilikuwa tope, na magari mawili ya wageni yalikwama Nyololo, lakini vumbi hakuna hata chembe. Gauni ulilonikatia lilinikaa vizuri, isipokuwa bega moja ambalo nadhani nililishona wakati ule macho yalipokuwa mabaya. Asukile alikuja. Alivaa kanzu ya kuazima, fupi, na kila mtu alitaka kumshika mkono. Mama Severina alimwonyesha macho yake palepale uani.

Sasa sikiliza. Ulipofika wakati wa kutolewa nyumbani, ungo ukapigwa kama ngoma, wanawake wa upande wa Halfani wakasogea kunitazama. Unajua wanachongojea. Bibi arusi anapoaga kwao alie, ndipo watu wajue amelelewa. Nikainama. Nikangoja. Hakikutoka kitu, shangazi. Nikafikiria mambo ya huzuni, nikafikiria mama, lakini mama nilimwona anatabasamu. Nikasikia shangazi wa Halfani, yule mnene, anamnong'oneza mwenzake, "Tazama huyu, macho makavu."

Mzee Muhidini alikuwa mlangoni. Sijui alisikiaje. Akageuka, na sauti yake unaijua, akasema mpaka barazani wakasikia: "Ndiyo, ana macho makavu. Mume wake anayo na mimi ninayo. Vyeti viko ndani, vimepigwa muhuri. Mnataka nikavilete niwasomee?" Hakuna aliyetaka. Watu walicheka mpaka ungo ukaanguka, na mimi nikatoka kwetu nacheka katikati yao.

Aliyelia ni baba. Alisimama nyuma ya mlango wa duka ameshika mfuko wa sukari, akasema ni moshi wa jiko, na jiko lilikuwa uani kwa watu wengine. Kesho asubuhi nitapita dukani nimwekee kitambaa.

Nakwambia wewe peke yako, na barua hii ukiisha isoma itie kwenye makaa. Macho yangu yalikuwa yamekwisha pona. Mvua ilipoanza niliamka yamefunguka yenyewe, laini, na maji tele. Sikulia kwa sababu nilikuwa nikienda ninakotaka. Nilipoinua uso nilimtazama Halfani moja kwa moja mbele ya watu wote, na yeye ndiye aliyeinama.

Akanipepesea.

Mwanao,
Rukia